Elimu Uliyoichukua Umemrudishia Nani?



Katika kurasa kama hizi twasoma mara kwa mara maneno ya maulamaa wetu juu ya fadhila za elimu. Mimi si mwanachuoni wa dini, wala sikusudii kufundisha jambo lililo kubwa kuliko kimo changu. Nataka kueleza tu yaliyonipata mimi mwenyewe nilipokuwa nikiandika barua ya kuomba kazi. Nimeona kuwa vijana wetu wengi, wake kwa waume, wamo katika kuandika barua za namna hiyo, na wazee wao wamekaa kando wakidhani kuwa hayo ni mambo ya makaratasi, hayahusiani na dini. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kwanza yanipasa nieleze kazi yenyewe. Mtu akimaliza masomo ya juu kabisa ya chuo kikuu hupewa shahada ya udaktari wa falsafa. Udaktari huu si wa kutibu wagonjwa. Ni ushahidi kuwa mwenyewe amelichungua jambo moja kwa miaka kadha na kuliandikia kitabu. Baada ya hapo, kabla hajapata kazi ya kudumu, aweza kuomba nafasi ya mwaka mmoja au miwili katika chuo fulani, alipwe posho ili aendeleze uchunguzi wake. Huko Marekani desturi hii ilipata nguvu tangu mwaka 1919, pale baraza liitwalo National Research Council lilipoanza kuwapa nafasi kama hizo wataalamu wa fizikia na kemia kwa fedha za Rockefeller Foundation. Kisha ikaenea katika elimu nyingine.

Miaka ya karibuni imezuka aina yake moja iliyo mpya. Katika hiyo mwombaji haulizwi tu amegundua nini, bali huulizwa pia: elimu yako itawafaa nini watu wasiokuwa wanachuoni, katika mji wao, katika mabaraza yao, na katika haki zao za uraia? Mwaka 1999 vyuo kadha vya Marekani viliunda umoja uitwao Imagining America kwa ajili ya kazi hiyo. Na mwaka 2011 baraza la American Council of Learned Societies likaanza kuwapeleka madaktari wa falsafa kufanya kazi kwa muda katika idara za serikali na katika vyama vya kuwahudumia watu.

Wenzetu wameipa kazi hii jina refu, lakini sisi watu wa pwani si wageni nayo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, hakuifungia elimu yake chumbani. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa hapa Mombasa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, ili mambo ya dini na ya dunia yawafikie watu kwa lugha wanayoifahamu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli kule Unguja, na mwaka 1969 tafsiri yake ya Qurani nzima kwa Kiswahili ikatoka, ikaingia katika majumba ambayo hayana ajuaye Kiarabu. Na Profesa Ali Mazrui, mwana wa huyo Sheikh Al-Amin, alisimama mwaka 1979 akatoa mihadhara ya Reith katika BBC, na mwaka 1986 akatoa mfululizo wa filamu za televisheni juu ya Afrika, akisema na mamilioni ya watu ambao hawajapata kukanyaga darasa lake. Basi jina ndilo jipya; kazi yenyewe ni ya zamani.

Sasa nirudi katika habari yangu. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwa udaktari wangu niliandika juu ya wakfu: yaani mali ambayo mwenyewe huifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isiuzwe wala isirithiwe, na faida yake iwaendee wale aliowataja. Katika mji wetu ziko nyumba, visima, mashamba na misikiti iliyowekwa kwa njia hiyo, na waliowekwa wakfu mali zao si wanaume peke yao. Wamo na wanawake pia. Kenya inayo Tume ya Wakfu na sheria yake ya tangu zama za ukoloni, lakini wakfu nyingi ndogo ndogo za zamani ziliandikwa nyumbani tu, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na karatasi zake zimelala katika masanduku ya bati chini ya vitanda.

Sanduku moja kama hilo lilikuwa kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu. Jina lake silitaji, maana yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Nilimwendea, akanikaribisha kama mjukuu wake, akanifungulia sanduku. Nikanakili karatasi saba. Nilipomaliza hakuniomba pesa wala zawadi. Aliniambia neno moja tu: "Mjukuu wangu, mimi herufi hizi sizijui, na waliozijua nyumbani humu wamekwisha kufa. Ukisha masomo yako, uje unisomee."

Nikamjibu: "Inshaallah, bibi."

Ndugu wasomaji, neno hili inshaallah tumelifanya jepesi mno vinywani mwetu. Mimi nilimaliza masomo yangu. Kitabu kikatoka, kurasa mia tatu na zaidi, kwa Kiingereza, kikawekwa katika maktaba ya chuo ng'ambo. Nikarudi Mombasa, nikapita mlangoni kwa yule bibi mara nyingi nikielekea sokoni, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaniitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Hakunikumbusha ahadi, nami nikajifanya nimeisahau. Yakapita hivyo miezi kumi na minne.

Ndipo nilipoiona tangazo ya nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, nafasi ya hiyo elimu ya kuwafaa watu. Walitaka barua ya maombi, habari za masomo na kazi zangu, maelezo ya uchunguzi nitakaoufanya, sura moja ya kitabu changu, na barua za watu watatu wanaonijua. Vyote hivyo vilinielea. Lakini palikuwa na swali moja lililotaka jibu la maneno mia tano: Eleza jinsi watu uliowachunguza walivyofaidika na uchunguzi wako.

Nikakaa usiku nikaandika. Nikaandika kwamba nimeshirikiana na jamii ya Mji wa Kale bega kwa bega. Kwamba nimewarudishia wazee historia yao. Kwamba kazi yangu imewatia nguvu wanawake wa mji. Maneno yalikuwa mazuri, nami nikapendezwa nayo. Asubuhi mama yangu aliponiona nimechoka akaniuliza nimekesha na nini. Nikamsomea, huku nikimfasiria kwa Kiswahili. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole:

"Jamii hiyo ni ya wapi, mwanangu? Ni sisi?"

Nikasema ndiyo.

"Na yule bibi, ulikwenda ukamsomea?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu hakusema zaidi. Alichukua vikombe akaenda jikoni. Nami nikaitazama ile karatasi nikaona kuwa kila nilichokiandika humo ni uongo, na kwamba uongo ule nilikuwa nikitaka kuulia mshahara. Lau angenijia mtu akaniambia, "Sema uongo upate pesa," ningalimfukuza. Lakini kwa kuwa uongo ule ulikuwa umevaa nguo za karatasi rasmi, na kwa kuwa nilijua kuwa wengi huandika hivyo, sikuutambua mpaka ulipofasiriwa kwa lugha ya nyumbani. Nami nawaambia vijana wenzangu: mkiandika jambo juu yenu kwa lugha ya kigeni, lisomeni mbele ya mama zenu kwa lugha yenu. Likiwaonea haya hapo, lifuteni.

Nikaiacha barua siku mbili. Moyo wangu ukageukia upande wa pili. Nikasema, basi nisiombe kabisa, maana kuomba kazi ni kujisifu, na kujisifu ni jambo baya. Nikamwendea ami yangu, ambaye husomesha chuoni, nikamweleza yote.

Ami yangu alicheka kidogo akasema: "Jana ulitaka kusema uongo, na leo wataka kukimbia. Njia zote mbili ni za mtu anayejifikiria nafsi yake." Kisha akanieleza. Alisema ni kweli kuwa katika Suratin-Najm, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametukataza kuzitakasa nafsi zetu, kwani Yeye ndiye amjuaye mcha Mungu. Na ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alimnasihi Sahaba wake Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi. Lakini katika Sura Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (a.s.) alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, na akaitaja wazi sababu yake: kwamba yeye ni mlinzi wa amana na ni mjuzi.

"Sasa mtazame Yusuf," akasema ami yangu. "Hakusema kuwa yeye ni mwana wa Mitume, na lau angesema angekuwa mkweli. Hakuutaja uzuri wa sura yake. Alitaja mambo mawili tu yanayohitajiwa na kazi ile: uaminifu na ujuzi. Na kazi yenyewe ilikuwa ni kuwaokoa watu na njaa. Basi na wewe ukiomba, sema lililo kweli, sema lile tu linalohitajiwa na kazi, na hakikisha kuwa kazi yenyewe ina faida kwa viumbe. Ukizidisha hapo, umejisifu. Ukipunguza hapo, umeficha ushahidi."

Akanikumbusha pia habari ya Imamu Ghazali. Mtu huyu alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, hapana cheo cha elimu kilichokuwa juu yake. Lakini alipoipeleleza nia yake katika kusomesha aliiona si safi. Aliona kuwa linalomsukuma ni kutaka sifa na jina kubwa. Mwaka 1095 akakiacha kiti kile akatoka mjini. "Sikwambii utoke mjini," ami yangu akasema. "Lakini yeye aliichungua nia yake baada ya kukipata kiti. Wewe una bahati: karatasi hii imekuuliza kabla hujakipata. Nenda kamsomee bibi, kisha ndipo uandike."

Alasiri ile ile nikabisha hodi. Bibi alikuwa amekaa barazani ndani akichambua mchele. Nikamwomba msamaha kwa kuchelewa. Akasema, "Umekuja. Kaa usome."

Nikamsomea karatasi ya kwanza na ya pili. Alikuwa akitikisa kichwa na kuwarehemu watu waliotajwa mle. Nikafika karatasi ya tatu, ambayo katika kitabu changu nimeipa sura nzima. Inataja kisima kimoja karibu na pwani, na kwamba mwanamke aliyekichimba amekiweka wakfu kwa ajili ya watu wa kuvua. Mimi nilieleza katika sura ile jinsi wanawake wenye mali walivyowasaidia wavuvi, na waalimu wangu waliisifu sana sura hiyo.

Bibi akaacha kuchambua mchele. "Watu wa nini?"

"Wa kuvua, bibi. Wavuvi."

"Si wavuvi, mjukuu wangu. Wavuvi wana bahari, na kisima cha nini tena? Hao ni watu wa kufua. Mama yangu alikuwa akifua nguo za watu kwa ujira pale kisimani, yeye na wenziwe, na hapakuwa na wa kuwatoza hata senti ya maji, kwa kuwa kisima ni chao. Ndiyo maana karatasi ikawekwa humu ndani."

Nikaitazama nakala yangu, mikono ikanilegea. Wasomaji wanaojua maandishi yale ya wazee watafahamu mara moja. Katika Kiswahili cha herufi za Kiarabu cha zamani, herufi ya fe ilitumika kwa sauti mbili, ya f na ya v. Kufua na kuvua huandikwa sawasawa, na msomaji huchagua kwa maana. Mimi nilichagua kwa kudhani, kwa sababu kisima kiko karibu na bahari. Kwa kudhani kwangu nikawanyang'anya madobi maskini wa kike kisima chao katika kitabu, nikawapa wavuvi, na chuo kikuu kikanipa udaktari kwa hilo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo miaka yote ya masomo haikunifahamisha. Nilikuwa nikidhani kuwa kuwarudishia watu elimu ni hisani, kama sadaka: wewe unacho, wao hawana, basi unawamegea. Kumbe ni haki yao, tena ni haja yako wewe. Elimu isiyorudishwa kwa wenyewe haikosi kuwa na kosa ndani yake, na hapana mtu wa kulisahihisha, kwa kuwa wanaojua hawakusomewa. Laiti ningalitimiza ahadi yangu kabla sijakitoa kitabu, bibi asiyejua kusoma angaliniokoa na kosa ambalo mabingwa hawakuliona.

Usiku ule nikaiandika upya ile barua. Katika maneno mia tano nikaeleza kuwa nilichukua karatasi kwa ahadi, kwamba ahadi sikuitimiza kwa miezi kumi na minne, kwamba nilipoitimiza nilikuta kosa kubwa katika kitabu changu, na kwamba kazi ninayoiombea nafasi ni kusoma karatasi za wakfu mbele ya wenyewe, kwa Kiswahili, kabla hazijaandikwa kwa lugha yoyote nyingine. Juu ya ujuzi wangu nikataja kuwa nazijua herufi zile na sheria za wakfu. Juu ya uaminifu nikaona si haki yangu kuusifu. Nikaacha waseme wale watatu walioniandikia barua. Nao nikawaeleza kosa langu waziwazi, nikawaomba wasinifiche, maana barua ya namna hiyo ni ushahidi, na ushahidi wa kuficha si ushahidi. Mwalimu wangu mmoja alinijibu kwamba hajapata kuombwa jambo hilo na mwanafunzi yeyote. Na maktaba ya chuo nikaipelekea masahihisho yawekwe pamoja na kitabu.

Huenda msomaji anangoja kusikia kuwa kwa sababu ya ukweli wangu nafasi ile nikaipata. Sikuipata. Nilifika katika wale wachache wa mwisho, wakanihoji kwa muda wa saa nzima, kisha akachaguliwa mwingine. Sina neno juu yao. Nafasi ilikuwa moja, na waombaji wengi. Sitaki kijana yeyote adhani kuwa ukweli ni hila ya kupatia kazi. Ukweli ni wajibu, kazi ipatikane isipatikane. Na riziki iko kwa Mwenyezi Mungu.

Lakini kazi niliyoiandika katika barua ile haikungoja posho. Kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, wanawake wa mtaani hukutana nyumbani kwa bibi, nao huja na karatasi za nyumbani mwao. Mimi nasoma, wao wanasahihisha. Karatasi nyingine ni hesabu za mahari, nyingine ni madeni yaliyolipwa zamani, na mara chache hutokea moja ya wakfu. Tulipoipata ya kwanza, ya chumba kilichowekwa kwa ajili ya wasafiri, wenye nyumba walishangaa, kwani walikuwa karibu kukiuza pasi na kujua. Wakaenda kumwuliza kadhi. Hilo moja limenitosha kuliko sura ile iliyosifiwa. Mwaka huu nitaomba tena nafasi kama ile, inshaallah, na safari hii neno hilo nalisema kwa uzito wake.

Basi, ndugu zangu vijana, ombeni nafasi za elimu, msikate tamaa. Dini yetu haikututaka tujifiche nyuma ya pazia. Ila kabla hujajibu wanayokuuliza wageni, jiulize mwenyewe: elimu hii nimeichukua kwa nani, na nimemrudishia nani? Na enyi wazazi, watoto wenu wakirudi na shahada, msitosheke kuzitundika ukutani. Waambieni wakae chini wawasomee. Na walio na masanduku ya bati chini ya vitanda, wayafungue maadamu wako wazee wanaokumbuka.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atusafishie nia zetu, awarehemu waliotuwekea mali zao kwa ajili yake, na atusamehe ahadi tulizozichelewesha. Amin.